Gari Likikataa Kuwaka, Kwanza Tazama Ufunguo



Wengi wetu twategemea gari kuchukulia wachumaji na kupeleka karafuu kituoni, na gari likilala siku ya mavuno hasara yake ni kubwa. Kwa hiyo twaona yafaa kuwaeleza jambo tulilolishuhudia Tukuyu, tulipokwenda kuwatembelea wakulima wa chai wa wilaya ya Rungwe.

Asubuhi moja, mvua ya huko ikinyesha, gari tulilokodi lilikataa kuwaka. Stata ilizunguka kwa nguvu, injini ikashika kidogo, kisha ikazima. Mmoja alisema plagi zimeingia maji. Mwingine alisema pampu ya petroli imekufa, iagizwe nyingine Mbeya. Dereva alikwisha anza kuhesabu fedha. Hapo akaja fundi mmoja mzee, wala hakufungua boneti. Aliuliza tu, "Kijana, mbona taa hii nyekundu yawaka na kuzima?"

Taa hiyo ni ya kinga ya wizi, ambayo mafundi huiita imobilaiza. Ndani ya kichwa cha ufunguo mna chipu, kitu kidogo kadiri ya karafuu moja. Ufunguo ukitiwa katika swichi, koili ya waya iliyoizunguka swichi huiamsha chipu, nayo hutoa namba yake ya siri. Kompyuta ya gari ikiitambua, injini huwaka. Isipoitambua, injini hunyimwa petroli au moto. Nchi za Jumuiya ya Ulaya zililazimisha kinga hii kwa magari mapya tangu mwaka 1998, na magari mengi ya Japani yanayo pia.

Basi gari likikataa, fuateni taratibu hii:

1. Stata ikizunguka kwa uzito, chajini betri kwanza.

2. Fungueni swichi bila ya kupiga stata. Taa ya kinga ikizidi kuwaka na kuzima, huenda ufunguo haukutambuliwa.

3. Ondoeni funguo za magari mengine katika pete. Chipu mbili zikikaribiana huvurugana.

4. Jaribuni ufunguo wa akiba. Gari likiwaka, ubovu u katika ule wa kwanza. Funguo zote zikikataa, mwiteni fundi mwenye mashine ya kusoma makosa, atazame koili, nyaya na kompyuta. Katika Toyota, alama B2799 yaonyesha kosa la kinga hii.

Sisi hatukuwa na ufunguo wa akiba. Lakini fundi alipouliza, dereva alikiri kuwa jana yake kichwa cha ufunguo kilivunjika, akanunua kingine. Cha zamani kilikuwamo mfukoni, na chipu ndani yake! Fundi alikishika karibu na swichi, dereva akapiga stata, na gari likawaka papo hapo. Hapakununuliwa kitu.

Twawashauri: mnunuapo gari, daini funguo mbili, na moja iwekwe nyumbani. Mchonga funguo wa kawaida huiga meno tu. Namba ya siri haichongwi kwa tupa. Zikipotea zote mbili, gharama yake si ndogo.