Paa jeupe: njia ya kupunguza joto katika nyumba za mabati



Sisi tunaoishi Uvira, Baraka, Kalemie ama Kindu tunalijua joto la mabati. Siku ya Mungu, kabla mahubiri hayajaisha, wamama wanapepea watoto kwa vitabu vya nyimbo, na wazee wanahamia karibu na mlango. Lakini shida kubwa zaidi inakuja usiku. Tunafunga nyumba mapema kwa sababu ya wezi, ya watu wenye silaha, na ya mbu. Nani anathubutu kulala na dirisha wazi? Basi joto lililoingia mchana linalala ndani pamoja nasi. Mtoto mchanga analia, mgonjwa wa presha anageuka-geuka, na mama aliyetoka kujifungua hapati usingizi.

Kama hatuwezi kutoa joto usiku, inatupasa tulizuie lisiingie mchana. Na mlango wake mkubwa ni paa.

Kwa nini mabati yanawaka

Nyumba za nyasi za wazee wetu zilikuwa baridi kwa sababu nyasi nene zinashika hewa katikati, na hewa hiyo inazuia joto. Tuliziacha kwa sababu ya moto, panya na mvua, na hatujuti. Lakini bati ni jembamba. Joto la juu yake linafika chini mara moja.

Jua likipiga paa, sehemu ya mwanga inarudishwa juu na sehemu nyingine inamezwa na kugeuka joto. Bati jipya linarudisha mwanga mwingi, lakini chuma kinachong'aa hakiachilii vizuri joto kilichomeza. Bati lenye kutu ni baya zaidi, maana linameza karibu kila kitu. Paa la rangi ya giza linaweza kufika digrii 65 na zaidi saa za mchana. Simama chini yake saa saba, utasikia joto kichwani kama umeinama juu ya mbabula. Joto hilo linapasha vitanda, vyombo na kuta. Jua likizama, bati linapoa upesi, lakini kuta za matofali zinalitunza mpaka usiku wa manane.

Rangi nyeupe inafanya kazi mbili. Ikiwa mpya na safi, inarudisha hadi asilimia 80 ya mwanga wa jua, na joto dogo linalobaki inaliachilia hewani. Paa jeupe linaweza kuwa baridi kuliko lile la giza kwa zaidi ya digrii 25. Ndani ya nyumba tofauti ni ndogo: saa za joto kali, kati ya digrii 1 na 3. Hatutaki kumdanganya mtu. Nyumba haitakuwa friji. Lakini aliyewahi kukesha na mtoto mwenye homa anajua digrii 2 ni nini.

Wengine wamekwisha kufanya hivyo. Huko India, mji wa Ahmedabad ulipigwa na joto kali mwezi wa Mei 2010, na watu wengi wakafa. Mwaka 2013 mji ukaweka mpango wa kuwalinda wakaaji wake, na mwaka 2017 ukaanza kupaka nyeupe mapaa ya mitaa ya maskini.

Si kwa kila nyumba

Ndugu zetu wa Lubero, Masisi na Minembwe wasikimbilie rangi hii. Kule juu baridi ndiyo inayosumbua, na joto la mchana ni msaada. Wao wafikirie plafo. Na paa linalovuja litengenezwe kwanza, kwa sababu rangi haizibi tundu la msumari.

Namna ya kufanya

Chagueni miezi ya kiangazi, kati ya Juni na Agosti, na mfanye kazi asubuhi mapema. Bati lenye moto linakausha rangi kabla haijashika.

Kwanza, sugueni kutu kwa burashi ya waya, mkifunika pua na mdomo, halafu osheni kwa sabuni na maji na muache likauke kabisa. Bati jipya lina mafuta ya kiwandani. Lisipooshwa vizuri, rangi itabanduka kama ganda la yai.

Pili, pakeni rangi ya kuzuia kutu mahali palipokuwa na kutu.

Tatu, pakeni rangi nyeupe ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya nje na inayokubali chuma, mara mbili. Ya pili ipakwe ya kwanza ikiwa imekauka. Ile inayouzwa kama rangi ya kurudisha joto ni nzuri zaidi, lakini bei yake ni ya juu. Kama hamuipati, rangi nyeupe ya kawaida ya nje inasaidia pia. Ya ndani ya nyumba msiitumie, mvua itaiondoa.

Kabla ya kununua, fanyeni hesabu. Paa la metre za mraba 60, kwa rangi ambayo litre moja inatosha metre 8, linahitaji litre 15 kwa kupaka mara mbili. Someni kwenye ndoo, kwa maana rangi nzito zinafunika sehemu ndogo zaidi.

Chokaa inafaa juu ya paa la beto, lakini kwenye bati haishiki. Mvua za kwanza zitaishusha.

Maji ya mvua

Wengi wetu tunakinga maji ya paa kwa kunywa na kupika. Hapa tuwe waangalifu. Msinunue rangi isiyojulikana ina nini, hasa inayoweza kuwa na plombi, sumu inayoharibu akili ya mtoto. Kama ndoo haisemi kwamba rangi inafaa kwa paa la kukingia maji ya kunywa, maji hayo yawe ya kufua na kusafisha tu. Hata rangi ikiwa nzuri, mvua za kwanza ziachwe zipite.

Anayepanda juu

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22 mstari wa 8, kinamwagiza anayejenga nyumba azungushe ukuta mdogo juu ya dari, mtu asije akaanguka na damu ikawa juu ya nyumba hiyo. Paa, basi, ni jambo la uhai wa watu. Msimpandishe kijana juu ya mbao zilizooza. Akanyage kwenye mstari wa misumari, kwa sababu chini yake kuna mbao, na ngazi ishikwe na mtu.

Kama feranga hazitoshi

Anzeni na chumba anacholala mtoto ama mgonjwa. Ama tandazeni mikeka kama plafo, ikiacha nafasi ya hewa chini ya bati, na mtoboe matundu juu ya ukuta, chini kidogo ya paa, pande zote mbili. Tundu la upana wa kiganja, lililofunikwa na wavu wa mbu, mwizi hapiti, lakini hewa ya moto inatoka usiku kucha. Upande wa magharibi pandeni mti wa kivuli.

Na sisi wa makanisa, tuna vijana wenye nguvu na tuna kiangazi kila mwaka. Kikundi kimoja kinaweza kupaka paa la mjane kwa asubuhi mbili. Tuanze na nyumba yake kabla ya paa la hekalu.