Kukesha si kusoma: Usingizi humsaidia mtahiniwa wa kompyuta

Katika soko la Gikomba, jijini Nairobi, siku huanza mapema. Kabla jua halijachomoza, marobota ya mitumba huwa yamefunguliwa na wachuuzi wakigombania nguo zilizo bora. Kijana afanyaye kazi hapo, na ambaye pia anajiandaa kwa mtihani wa cheti cha kuandika programu za kompyuta, hubakiwa na usiku tu wa kusoma. Basi hukesha, kikombe cha kahawa mkononi au miraa mdomoni. Ada ya mtihani ameitoa katika faida ndogo ya biashara, na akianguka atalazimika kuilipa tena.

Lakini je, kukesha humfaa? Wataalamu wa afya na wa elimu wanakubaliana kwamba kunamdhuru zaidi ya kumsaidia.

Usingizi ni sehemu ya masomo

Mtu anapolala, ubongo wake haulali kabisa. Huo ndio wakati unapoyapanga na kuyaimarisha yale aliyojifunza mchana. Mnamo 1924, watafiti Jenkins na Dallenbach wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapima wanafunzi wawili waliokariri orodha za silabi zisizo na maana. Waliolala baada ya kukariri walikumbuka mengi zaidi kuliko walipokaa macho kwa saa zile zile. Tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha umuhimu wa usingizi kwa kumbukumbu.

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Anayeamka saa 10 alfajiri kuwahi marobota yafaa awe amelala kufikia saa 3 usiku. Kahawa na vinywaji vya kutia nguvu visitumiwe jioni. Utafiti wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kafeini nyingi, hata ikinywewa saa 6 kabla ya kulala, hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Miraa na muguka nazo zina kemikali ya kathinoni, ambayo huamsha mwili na kuufukuza usingizi. Mtafunaji huona kama anaelewa sana usiku, kumbe asubuhi huamka akiwa mchovu na amesahau mengi.

Jiulize, usirudie kusoma tu

Swali la pili ni hili: ikiwa saa za usiku zinapungua, atasoma lini? Jibu ni kwamba haihitajiki kusoma kwa saa nyingi mfululizo. Msomi Mjerumani Hermann Ebbinghaus alieleza mwaka 1885 kwamba binadamu husahau upesi mara tu baada ya kujifunza, na kwamba marudio yaliyotenganishwa kwa siku hukaa kichwani kuliko yaliyorundikwa pamoja. Kwa mchuuzi hii ni habari njema. Dakika 20 kabla ya wateja kufika, nyingine 20 mchana biashara inapopoa, na nusu saa jioni, kila siku, ni bora kuliko kukesha Jumamosi nzima.

Namna ya kuzitumia dakika hizo pia ni muhimu. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke wa Marekani waliwapa wanafunzi makala wasome. Kundi moja liliisoma katika vipindi vinne. Jingine liliisoma katika kipindi kimoja, kisha likajaribu mara tatu kuyaandika yaliyomo bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Lakini baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40 tu, ilhali waliojipima walikumbuka asilimia 61. Kwa hivyo funga kitabu, kisha uandike unachokumbuka.

Hapa mchuuzi anaweza kutumia ujuzi wa soko lake. Robota likifunguliwa, nguo hutengwa: kuna kamera, zile za daraja la kwanza, na mwisho kabisa kuna fagia. Tenga mada za mtihani vivyo hivyo: unazoweza kueleza bila kutazama, unazojua nusu, na zinazokushinda. Tofauti ni kwamba katika masomo fagia ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Kalamu kabla ya kompyuta

Asiye na kompyuta nyumbani asivunjike moyo. Mtihani wa mwanzo wa lugha ya Python uitwao PCEP una maswali 30 ya kujibiwa kwa dakika 40, yaani sekunde 80 kwa swali, na alama ya kupita ni asilimia 70. Maswali kadhaa huonyesha maagizo mafupi na kutaka ujue kompyuta itatoa jibu gani. Hilo hufanyiwa mazoezi kwa kalamu na karatasi.

Chukua mfano wa maagizo ya Python yanayoanza na 2, yakiongeza 2 kila mara, na kikomo kikiwa 10. Wengi hujibu haraka: 2, 4, 6, 8, 10. Jibu sahihi ni 2, 4, 6, 8, kwa sababu katika Python kikomo hakihesabiwi. Chora jedwali, andika thamani inavyobadilika hatua kwa hatua, kisha ndipo uhakikishe kwenye kompyuta.

Anayesumbuliwa na kelele za nyundo za Kamukunji anaweza kwenda katika maktaba za umma za Kaloleni au Makadara.

Macho na shingo

Anayesomea kwenye simu hupepesa macho mara chache, na macho hukauka. Kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Inua simu karibu na usawa wa macho ili shingo isiume.

Usiku wa kuamkia mtihani, usianze mada mpya. Kula chakula ulichozoea, kisha ulale mapema. Moyo ukidunda kwa hofu ndani ya chumba cha mtihani, pumua polepole mara kadhaa kabla ya kuendelea. Lakini ikiwa unakosa usingizi kwa wiki kadhaa, au hofu inakuzuia kula na kufanya kazi, usinunue dawa za usingizi kiholela. Mwone daktari katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.