Kidonda Kimefunga, Usingizi Haujarudi

Daktari akisema kidonda kimefunga, ndugu humshukuru Mungu na kuanza kupanga safari ya nyumbani. Kwa aliyeungua, huenda shida nyingine ndiyo kwanza inaanza. Usiku anashtuka, harufu ya mafuta ya taa inamtoa jasho, na jikoni hataki kuingia.

Novemba 28, 1942, ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove, mjini Boston, Marekani, uliungua na kuua watu 492. Daktari Alexandra Adler aliwachunguza manusura, akakuta wengi wanaandamwa na hofu, ndoto mbaya na kujilaumu kwamba wamebaki hai. Miezi tisa baadaye baadhi walikuwa bado hawajatulia. Waliozirai muda mrefu walisumbuka kidogo kuliko waliobaki na fahamu zao, wakaona na kusikia yote.

Ndiyo maana ukubwa wa jeraha haupimi kiwewe. Mwenye kovu dogo shavuni anaweza kuteseka kuliko aliyeungua mgongo mzima. Wodini kwenyewe kuna mateso: mtoto akiona trei ya bandeji tu, analia kabla hajaguswa. Dawa ya maumivu itolewe mapema, kabla ya kusafisha kidonda, kwa sababu maumivu yasiyotulizwa huongeza hatari ya kiwewe baadaye. Kisha kovu linawasha usiku kucha, kiwiko kinakakamaa, kazi ya mikono inashindikana, na sonona inapata mlango.

Halafu kuna macho ya watu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, daktari Archibald McIndoe alitibu marubani walioungua nyuso huko East Grinstead, Uingereza. Aliwaomba wenyeji wawapokee bila kuwakodolea macho, nao wagonjwa wakatoka kwenda mjini nyuso zao zikiwa bado kwenye matengenezo. Kwangu mimi hiyo ni tiba kamili. Kwetu abiria anahama kiti kwenye daladala kwa kuogopa kovu lisiloambukiza chochote.

Kiwewe kinatibika. Mshauri humsaidia mgonjwa kusimulia yaliyompata na kulisogelea jiko kidogo kidogo, leo mlangoni, wiki ijayo karibu na sufuria. Anayesema hataki tena kuishi afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Na mama ambaye mwanawe alimwagikiwa uji wa moto, anayejilaumu kila anapombadilisha nguo, naye aulizwe kama analala.