Wifi, utakula mawe?

Nakiri kosa mapema, mpenzi msomaji, ili tuelewane. Mdogo wake mume wangu aliponiambia kwamba kwenye shahada yake ya jiografia anataka kujikita katika sayansi ya mifumo ya dunia, nilimjibu bila hata kuweka kikombe chini: "Wifi, utakula mawe?" Mimi na kaka yake ndio tunaomalizia ada pale mkopo wa Bodi unapoishia. Nilishamwona benki, nilishamwona kwenye masoko, hata ualimu ningekubali. Mawe? Hapana.

Mchumba wake, kijana mhasibu wa Mwanza, naye alikuwa na lake. Alisikia kwamba fani hiyo ina safari za porini za wiki tatu tatu. "Sasa shemeji, huyo atakuwa mke wa namna gani?" aliniuliza kwenye simu, utadhani mimi ndiye niliyetunga mtaala.

Basi Krismasi tukaenda wote nyumbani kwao, Karagwe. Mchumba alipangiwa gesti Kayanga, maana ukweni hakulali mtu hivi hivi. Kutoka Bukoba unapita Kyaka, halafu lami inaanza kupanda milima. Wifi akaanza: "Nyie mnaona milima tu." Kumbe jina la Karagwe wanalijua wanajiolojia wa dunia nzima! Kuna miamba inaitwa ya Karagwe-Ankole. Inatambaa kutoka hapa hadi Burundi, Rwanda na kusini-magharibi mwa Uganda, na mingi ina umri unaozidi miaka bilioni moja. Bati la Kyerwa, lililoanza kuchimbwa enzi za Mwingereza, limo humo humo. Na bati ndilo linaloshikisha vile vipande vidogo vidogo ndani ya simu. Nikaiangalia simu yangu, nikanyamaza.

Mto uliogeuka

Siku ya tatu akatupeleka Murongo, mpakani na Uganda, katika wilaya ya Kyerwa ambayo ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Tukasimama tukiutazama Mto Kagera, maji ya kahawia, mafunjo pembeni.

"Zamani mto huu ulikuwa unakwenda kule," akasema, akionyesha magharibi.

Mchumba akacheka. "Maji yapande mlima?"

"Maji hayakupanda. Ardhi ndiyo iliyoinuka."

Akatueleza taratibu. Ardhi ya kando ya Bonde la Ufa la magharibi iliinuka kidogo kidogo, mito iliyokuwa ikielekea upande wa Kongo ikazibiwa njia na kugeuka, maji yakajikusanya kwenye sehemu iliyobonyea mashariki. Hilo ndilo Ziwa Victoria, ambalo wanasayansi wanalikadiria kuwa na umri wa miaka 400,000 hivi. Ziwa likaleta mvua zake, mvua ikaleta migomba, migomba ikaleta watu. Na ardhi yenyewe haijatulia: ukuta wa sebule ya mama mkwe bado una ufa wa tetemeko la Septemba 10, 2016, lile la kipimo cha 5.9.

Pale ndipo nilipoelewa anachosoma. Jiografia niliyosoma mimi sekondari ilikuwa kukariri milima na mazao makuu. Huyu anasoma mwamba, maji, hewa, viumbe na binadamu kama mashine moja, ukigusa hapa kunatikisika kule. Ndiyo maana kuna kemia, kuna takwimu, kuna kusoma picha za setilaiti. Yeye alitoka CBG, kemia haimsumbui. Aliyetoka HGL ajipange, hesabu zipo.

Mazungumzo ya mezani, samahani

Usiku, ndizi na maharage vikiwa mezani, mama mkwe akalalamika kwamba mahindi yake ya kule mbali na nyumba hayana afya. Wifi akauliza, "Mama, samadi unaweka wapi?" Kwenye kibanja, bila shaka. Kwa miaka na miaka nyasi za rweya zinakatwa, samadi na mabaki ya jikoni yanarudishwa kwenye migomba iliyozunguka nyumba. Kibanja kinanona, kwingine kunafilisika.

Halafu bila haya akaingia kwenye vyoo. Kuna utafiti ulifanyika hapa hapa Karagwe, uliochapishwa miaka ya 2015 na 2016, wa Ariane Krause na wenzake kwa kushirikiana na shirika la MAVUNO. Udongo waliojaribia ni wa asili ya majivu ya volkano, na una upungufu wa fosforasi. Wakatengeneza mboji yenye vumbi la mkaa na kinyesi cha binadamu kilichouawa vijidudu kwa joto. Mahindi yake yakayapita mbali yale yaliyopandwa bila kuwekewa kitu.

Mama mkwe akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo nimeuza ng'ombe wawili usomee choo?"

Jamani, tulicheka! Lakini kesho yake asubuhi niliwakuta wote wawili kwenye yale mahindi, mama ameshika jembe, anauliza maswali.

Kuhusu ajira nisikudanganye, hazimwagiki. Zipo Mamlaka ya Hali ya Hewa, bodi za maji za mabonde, watafiti wa kilimo kule Maruku, na hifadhi za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zilizotangazwa kuwa za taifa mwaka 2019. Mshahara wa benki mwaka wa kwanza? Sahau. Ofisi ya Bonde la Ziwa Victoria iko Mwanza, jambo ambalo wifi alilitaja kwa sauti ya juu kidogo huku akimtazama mtu fulani.

Yule mtu fulani hakukata tamaa. Jioni ya mwisho akarudia swali lake la wiki tatu za porini. Wifi akamgeukia: "Wewe wakati wa kufunga mahesabu huonekani mwezi mzima. Niliwahi kukuuliza utakuwa mume wa namna gani?"

Kimya. Mume wangu akajifanya anatafuta funguo za gari.

Ada tumelipa Januari. Wifi alipanda basi akiwa na kopo la Blue Band lililojaa udongo wa mama yake, anakwenda kuupima. Aliyembebea hilo kopo hadi mlangoni mwa basi, kwa mikono miwili, ni mhasibu.