Bei Bila Idadi ni Taarifa Nusu

Mwezi uliopita koplo mmoja alinijia akiwa na taarifa ya siku ya Soko la Hisa la Rwanda. Alikuwa ameipigia mstari kampuni moja ambayo hisa yake ilipanda kutoka faranga 200 hadi 210. "Afande," akasema, "nataka kukopa kwa dhamana ya mshahara, ninunue kabla haijapanda tena."

Nikamwuliza ni hisa ngapi zilizouzwa. Hakuwa ametazama. Tukasoma pamoja: hisa 300, katika muamala mmoja. Yaani faranga 63,000, fedha isiyotosha kununua hata ng'ombe, ndizo zilizosogeza bei ya kampuni nzima.

Soko letu hapa Kigali lingali changa. Lilianza kwa udogo Januari 2008, likafunguliwa rasmi tarehe 31 Januari 2011 hisa za Bralirwa zilipoanza kuuzwa humo, baada ya umma kuuziwa kwa faranga 136 kila moja. Septemba mwaka huohuo zikafuata za Benki ya Kigali, zilizotolewa kwa faranga 125. Kampuni ni chache, na wenye hisa wengi wakishanunua huzikalia. Basi hutokea siku ambayo hisa ya kampuni fulani haiuzwi hata moja, ilhali bei huchapishwa vilevile: ni ile ya muamala wa mwisho, pengine wa wiki iliyopita. Msomaji hudhani bei imetulia, kumbe haikujaribiwa.

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba skauti arudipo na kusema "adui yupo", hajasema kitu. Wangapi? Wapi? Saa ngapi? Bei nayo yapasa kuulizwa hivyo. Ikipanda kwa siku kadhaa, kwa hisa nyingi na miamala mingi, wanunuzi wengi wamekubali kulipa zaidi. Ikishuka kwa hisa chache, huenda ni mzazi mmoja aliyebanwa na karo. Ikishuka kwa hisa nyingi mikononi mwa wauzaji wengi, tafuta sababu katika hesabu za kampuni. Isipokuwa imeshuka mara tu haki ya gawio ilipopita. Hapo mnunuzi mpya analipa kidogo kwa kuwa gawio hilo hatalipata.

Idadi nayo hudanganya. Hisa milioni moja katika muamala mmoja aghalabu ni tajiri mmoja akimwachia mwenziwe. Wala umati si dhamana: Juni 2008 hisa za Safaricom zilipoingia soko la Nairobi zilipanda juu ya shilingi 5 zilizouzwa kwa umma, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa chini ya hapo.

Kwa mtu wa sare, kubwa zaidi ni ule mstari wa maombi yaliyosalia. Wauzaji wakiwa wameweka hisa 50,000 na wanunuzi wanataka 2,000 tu, kuingia ni rahisi, kutoka ni taabu. Mkopo hukatwa kila mwisho wa mwezi, hisa ziuzike zisiuzike. Na ugonjwa nyumbani hausubiri mnunuzi apatikane.

Koplo aliiweka kando fomu ya mkopo, akaanza kufuatilia taarifa za kila siku. Juzi alinieleza kwamba katika siku kumi za soko, hisa ile iliuzwa siku tatu tu.