Mpira Unapokutana na Baridi

Ringi ya mpira inayozuia gesi au oili isipenye kati ya vipande viwili vya chuma hutegemea unyumbufu, yaani uwezo wa kubonyea na kurudi upesi katika umbo lake, na unyumbufu huo hupungua kadiri baridi inavyozidi. Tarehe 28 Januari 1986, chombo cha anga cha Challenger kiliporushwa Florida katika nyuzijoto 2 hivi za Selsiasi, ringi za roketi yake moja, zenye unene wa milimita 7 tu, zilichelewa kuziba mwanya, gesi ya moto ikapenya, na baada ya sekunde 73 chombo kikasambaratika, wakafa wote 7 waliokuwemo. Baadaye, ili kuonyesha udhaifu huo, mwanafizikia Richard Feynman alikibana kipande cha mpira huo, akakitumbukiza katika glasi ya maji ya barafu, na alipokiachia hakikurudi upesi.

Mpira wenyewe, wa jamii ya florokaboni, haukuwa duni, kwani huvumilia hata joto la nyuzi 200. Ulipelekwa tu pasipo pake, japo muundo wa kiungo cha roketi nao ulikuwa na kasoro. Silikoni huhimili joto na baridi kali pia, lakini huchanika kwa urahisi, ilhali naitraili, mpira mweusi wa oili sili nyingi za magari, hupatana na oili vizuri ila hukakamaa ukikaa muda mrefu katika joto linalozidi sana nyuzi 100.