Magari ya umeme: Mzazi wa Mwanza aombe lipi kwanza?

Asubuhi kwenye vituo vya Buzuruga na Igoma, wanafunzi hugombea daladala huku moshi ukiwapiga usoni. Anayeuvuta zaidi ni mtoto. Kwa kimo chake yuko karibu na bomba la moshi kuliko mzazi wake, na mapafu yake, ambayo bado yanakua, huvuta hewa haraka kuliko ya mtu mzima.

Mzazi, moshi huo si wa kuzoea. Mwaka 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa mtoto mwenye pumu, madhara hayasubiri miaka. Anaweza kubanwa kifua siku hiyohiyo.

Ndiyo maana habari za magari ya umeme zinaihusu familia. Na kwetu sisi wa Kanda ya Ziwa, hazitoki mbali. Ng'ambo ya ziwa, mjini Jinja, Uganda, kipo kiwanda cha Kiira Motors, kampuni ya serikali iliyotokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 2011 walionyesha Kiira EV, gari dogo la watu wawili. Mwaka 2014 likaja SMACK, linalotumia petroli na umeme. Mwaka 2016 likafuata basi la Kayoola lenye sola juu ya paa, na tangu hapo nguvu kubwa imekwenda kwenye mabasi. Nairobi nako, kampuni ya Roam ilianza kwa kubadili magari ya watalii yatumie umeme, kisha ikaingia kwenye pikipiki na mabasi.

Swali ni gari gani lifuate. Kwa mzazi wa Mwanza, jibu lianze na basi la shule. Njia yake inajulikana na umbali ni mfupi. Mchana kutwa limeegeshwa, hivyo linaweza kuchajiwa shuleni kabla ya kurudisha watoto. Hata milima yetu inasaidia kidogo: gari la umeme likishuka na kupunguza mwendo, mota yake hurudisha sehemu ya umeme kwenye betri.

La pili ni gari la wagonjwa. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo-Busisi lifunguliwe mwaka 2025, mgonjwa kutoka Sengerema kwenda Bugando hasubiri tena kivuko. Safari hiyo haifiki kilomita 100, na betri kubwa inaweza pia kuendesha mashine ya oksijeni gari likiwa limesimama. Lakini dharura haina ratiba. Gari lililoishiwa chaji saa 8 usiku ni hatari kwa mama na mtoto. Kwa hiyo hospitali na vituo vya afya vipate kwanza sehemu za kuchajia na umeme wa akiba, ndipo magari hayo yaje. Kwa sasa, mjamzito au mwenye kichanga akipata dharura, piga bure 115, namba ya m-mama. Gari la wagonjwa lisipopatikana, mfumo huo hutumia madereva wa jamii waliosajiliwa.

Umeme nao una tahadhari zake. Gari au pikipiki ya umeme ikienda polepole haisikiki vizuri. Umoja wa Ulaya ulianza mwaka 2019 kuyataka magari mapya ya aina hiyo yatoe sauti yakiwa kwenye mwendo mdogo. Mfundishe mtoto kutazama pande zote kabla ya kuvuka, asitegemee masikio tu.

Kama baba ana bodaboda ya umeme, betri isichajiwe chumba wanacholala watoto wala karibu na mlango wa kutokea. Tumia chaja yake, si ya kuunganisha nyaya. Betri iliyovimba, kupasuka au kuingia maji isichajiwe kabisa. Ipelekwe kwa fundi anayeijua.

Basi la umeme lisilo na mikanda, au linalojaza watoto kupita kiasi, bado si salama. Shule ya mwanao ikipanga kununua basi jipya, uliza mambo matatu kwenye kikao cha wazazi: linatoa moshi kiasi gani, lina mikanda mingapi, na linabeba watoto wangapi.